Ajali Hii Ina Kinga

Kila mwaka mvua zinapokatika, na nyasi katika mashamba ya mikorosho zikiwa zimefika kiunoni, wakulima wa Mtwara na Lindi huikabili kazi ya kufyeka. Kazi hii haina hiari. Shamba lisilofyekwa ni chakula cha moto wa kiangazi, na korosho zinazoangukia kichakani aghalabu hupotea. Wazee wetu waliifanya kazi hii kwa fyekeo na kwa jasho. Leo, palipopandwa mikorosho kwa mistari, kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, trekta lenye mashine ya kufyekea hupita na kumaliza kwa muda mfupi kazi ya watu wengi. Hiyo ni neema, na hatuna budi kuipokea.

Lakini neema hii imeanza kuingia dosari, na dosari yenyewe inatokana na mikono yetu. Mashine inayotoka kiwandani ikiwa kamili hupelekwa gereji, hupunguzwa hiki na kuongezwa kile, kisha hurudi shambani ikiwa hatari kwa dereva, kwa msaidizi wake na kwa mtoto apitaye njiani. Mtu akishaumia, husikika kauli ile ile: ajali haina kinga. Sisi tunasema kwamba ajali hii ina kinga, na kinga yake imetupwa nyuma ya gereji ikipata kutu.

Hebu tuitazame mashine yenyewe. Trekta huizungusha shafti ya nyuma, ile ambayo madereva huiita PTO, mizunguko 540 kwa dakika, yaani mizunguko 9 kwa kila sekunde. Shafti hiyo huzungusha giaboksi, na giaboksi huzungusha visu vizito vya chuma ambavyo ncha zake hupita kasi ya kilomita 200 kwa saa. Jiwe likipigwa na kisu cha namna hiyo linaweza kuruka hata mita 100.

Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka kinga tatu. Ya kwanza ni bati nene lifunikalo visu, pamoja na minyororo inayoning'inia mbele na nyuma ili kuzuia mawe. Ya pili ni mfuniko wa shafti, usioiruhusu kushika kanzu, kikoi au khanga. Ya tatu ni bolti laini iliyokusudiwa kukatika kisu kinapogonga kisiki, ili giaboksi isivunjike.

Je, sisi tunazifanyaje? Minyororo huondolewa kwa madai kwamba inazuia majani. Mfuniko wa shafti ukipasuka, hautafutwi mwingine. Bolti laini ikikatika mara mbili, mahali pake huchomelewa kipande cha nondo, na mwenye mashine hujipongeza kwa kubana matumizi. Siku kisu kitakapogonga kisiki, nondo haitakatika. Itakayovunjika ni giaboksi, ambayo bei yake hailingani kabisa na ya bolti. Visu navyo hufungwa kwa pini ili viweze kurudi nyuma vinapogonga kitu kigumu. Kuvichomelea visicheze ni kuualika msiba.

Tusieleweke kwamba tunapinga ufundi wa kurekebisha mashine. Historia ya Kusini yenyewe inatufundisha kwamba chombo kigeni hakina budi kulinganishwa na ardhi. Mpango wa karanga wa wakoloni wa Kiingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa na baadaye kufika Nachingwea, ulitumia hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta ya kufyekea pori. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, na mojawapo ni mashine zisizoweza kustahimili visiki na udongo wa hapa.

Kwa hiyo fundi na arekebishe, ila marekebisho yake yaongeze kinga, yasiipunguze. Aongeze safu ya pili ya minyororo. Ajenge paa imara la chuma juu ya kiti cha dereva, maana matawi ya mkorosho huinamia chini. Aongeze uzito mbele ya trekta ambalo mashine nzito nyuma hulinyanyua pua. Visu avibadili viwili viwili, vyenye uzito sawa, ili mashine isitetemeke.

Matumizi nayo yana adabu yake. Shamba likaguliwe kwa miguu kwanza. Mawe yaondolewe, visiki vitiwe alama. Watu wakae mbali, wala msaidizi asipande juu ya bawa la gurudumu. Kabla ya mtu yeyote kuingia chini ya mashine, injini izimwe, ufunguo utolewe, visu vingojwe visimame, na mashine iwekewe magogo ya kuishikilia.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila shamba. Mwenye nguvu ya kweli ni anayekodi. Vyama vya ushirika na wakulima wakubwa waweke sharti moja tu: mashine isiyo na kinga zake tatu haiingii shambani. Mwenye trekta atakayekosa kazi ya siku tatu atakumbuka mwenyewe mahali alipoutupa ule mnyororo.

Bolti hununuliwa dukani. Mguu wa kijana wa miaka ishirini hauuzwi popote.