Nani Amtunza Nani?

Mwezi Juni 2013, katika maonyesho ya E3 mjini Los Angeles, kampuni ya Sony iliwapandisha jukwaani watunzi wa gemu wa kujitegemea, wakacheza kazi zao mbele ya umati na kamera. Mashine mpya ya PlayStation 4 ilikuwa haijaingia sokoni bado. Sifa zilimiminika siku ile, na sentensi moja ikaanza kuzunguka duniani: kampuni kubwa zimewakumbuka wadogo.

Aliyezoea taarabu anaijua picha hii. Mtu huinuka na noti yake, akajongea kwa madaha, akakata katikati ya ukumbi ili kila jicho limwone, ndipo amtunze mwimbaji. Mwimbaji hufaidika, hilo halikanushiki. Lakini ukumbi mzima unafahamu kuwa noti ile imesema mambo mawili kwa pamoja: imemsifu mwimbaji, na imemtangaza aliyeishika. Hata hivyo taarabu ina heshima yake. Mtunzaji akisharudi kitini, wimbo unabaki wa mwenyewe. Katika biashara ya gemu mtunzaji ndiye huyo huyo mwenye ukumbi, mwenye vipaza sauti na mkata tiketi mlangoni, na katika kila tiketi kawaida yake ni kuchukua kama asilimia 30.

Msomaji wa mashairi ataona haya hayamhusu, kwamba gemu ni kelele za vijana katika vibanda vya mpira wa runinga. Akumbuke kwamba katika sanaa hii nako mna watu wawili, watatu, kumi, wanaojifungia miaka kutunga kitu chenye mizani yake na ukimya wake. Journey, iliyotoka mwaka 2012, haina neno hata moja la mazungumzo: msafiri aliyejitanda joho hutembea jangwani kuelekea mlimani, akakutana na msafiri mwenziwe asiyemjua jina. Muziki wake, kazi ya Austin Wintory, ulikuwa wa kwanza wa gemu kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy katika fungu la muziki wa filamu na kazi za namna hiyo. Hao ndio watunzi wanaozungumzwa hapa, na neno mtunzi linawastahiki.

Na ni haki kusema kuwa Journey isingekuwepo bila fedha za Sony. Kampuni hiyo ilifunga mkataba wa gemu tatu na studio ndogo ya thatgamecompany, ikasubiri, na kazi iliyokusudiwa kuchukua mwaka mmoja ikachukua mitatu. Anayepinga ufadhili wa kampuni lazima aanzie hapa, kwenye mfano ulio bora kuliko yote. Lakini aumalizie: Jenova Chen, kiongozi wa studio, alieleza baadaye hadharani kuwa fedha ziliwaishia kabla kazi haijakamilika, hata studio ikafilisika. Huu ndio ufadhili ulipokuwa mwema.

Ulipokuwa si mwema, mfano wake ni Fez. Phil Fish na wenzake wachache wa Polytron, mjini Montreal, waliihangaikia gemu hiyo miaka mitano. Ilitoka Aprili 2012 kwenye Xbox 360 ya Microsoft. Ikatokea hitilafu, wakatengeneza kiraka cha kuirekebisha; kiraka nacho kikawa na kasoro, kikawaharibia baadhi ya wachezaji kumbukumbu zao za mchezo. Fundi yeyote angetia kiraka cha pili. Polytron ilisema haiwezi, kwa sababu kukipitisha upya katika ukaguzi wa Microsoft kungegharimu makumi ya maelfu ya dola. Kwa maelezo yao walioathirika hawakufika asilimia moja, basi wakakirudisha kile kiraka kibovu kama kilivyo. Mtunzi aliijua kasoro katika kazi yake, alijua na namna ya kuiondoa, akazuiwa na ada. Mshairi aliyewahi kuona beti yake imechapwa na kosa, mhariri akamtaka alipe ndipo irekebishwe, angesusa. Fish alisusa pia, lakini angehamia wapi? Wachezaji wake walikuwa wamefungiwa ndani ya ukumbi ule ule.

Mwaka uliofuata ada hiyo ikaondolewa. Microsoft, ambayo mwezi Mei 2013 ilikuwa bado inashikilia kuwa mtunzi mdogo hawezi kujitolea gemu yake mwenyewe kwenye Xbox One bila kupitia kwa mchapishaji, ikageuza kauli Julai, na Agosti ikazindua mpango wa ID@Xbox, ambao unampa mtunzi anayekubaliwa mashine mbili za kutungia bila malipo. Huruma iliingia lini, kati ya Mei na Julai? Katikati yake palikuwa na Juni, na jukwaa la Los Angeles. Mlango ulifunguliwa kwa sababu jirani alikwisha kufungua wake. Na mlango unaofunguliwa kwa sababu hiyo hufungwa sababu ikiondoka.

Wala hili si kisio. Mwaka 2008 Microsoft hiyo hiyo ilifungua duka la kazi za watunzi wa kawaida, likaja kuitwa Xbox Live Indie Games: mtu alilipa dola 99 kwa mwaka, watunzi wenziwe wakaikagua gemu yake, ikauzwa. Nyingi zilikuwa takataka, na iwe hivyo. Katika diwani za dunia hii takataka ni chache? Duka lilizikwa katika pembe za mashine ambako mnunuzi hafiki kwa bahati, na mwaka 2017 likafungwa. Nintendo nayo ilikuwa na WiiWare, iliyoanza 2008. Duka lake likafungwa Januari 2019. Gemu zilizokuwa zinapatikana humo tu hazina rafu nyingine ya kusubiri msomaji wa kesho. Pwani hii imepoteza miswada mingi kwa mchwa na unyevu, inajua uchungu wake. Lakini mchwa hawakuwahi kujiita wafadhili.

Wapo watakaojibu kuwa hakuna aliyelazimishwa, soko ni hiari. Jibu hili lingekuwa zito kama masharti yangekuwa wazi. Ni nani hupewa nafasi ya mbele dukani, na kwa nini? Mwaka 2021 mchapishaji mmoja wa gemu za kujitegemea alilalamika hadharani kuwa kampuni moja kubwa, ambayo hakuitaja, ilitaka si chini ya dola 25,000 ili gemu ionekane mahali pa maana. Ikiwa ndivyo, hayo yaitwe matangazo ya kulipia, na neno msaada lirudishwe linakostahili.

Suala hili lilikuja mlangoni kwetu Aprili 2024. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa pamoja na studio yake ya Surgent gemu iitwayo Tales of Kenzera: Zau. Ni maombolezo ya mwana kwa baba yake: Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishie mzazi. Salim aliitunga kwa ajili ya babake marehemu, na inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Kampuni ya EA iliichapisha, na Sony ikaitia siku ile ile ya kutoka katika huduma yake ya kulipia kwa mwezi. Sherehe ilikuwa kubwa. Julai studio ikapunguza wafanyakazi. Oktoba Salim akatangaza kuwa kitengo cha gemu kinasimama hadi zipatikane fedha. Gemu yao iliyofuata, Dead Take, ilitoka 2025 kwa ajili ya kompyuta, ikichapishwa na Pocketpair ya Japani. Waliokuwa wamepiga makofi ukumbini hawakuwa na haraka ya kurudi na noti.

Watunzi hawana haja ya kupandishwa jukwaani zaidi ya walivyokwisha kupandishwa. Wanahitaji mikataba isomeke, marekebisho ya kazi yasitozwe, duka likifungwa haki ya kuihamisha kazi iwe yao, na duka lifunguliwe mahali walipo wanaoielewa lugha ya kazi yenyewe. Mwaka ule wa 2024, kati ya nchi zote za Afrika, mtandao wa PlayStation ulikuwa rasmi Afrika Kusini peke yake. Kijana wa Mombasa au Unguja aliyetaka kumsikia Zau akimlilia baba yake kwa Kiswahili kupitia mashine ya Sony aliyoinunua kwa fedha zake, ilimbidi kwanza aandike kuwa anaishi nchi nyingine.