Ndoa ya mkeka haimfundishi mtu kulea



Ndugu zangu Waislamu, Kibiti na vijiji vya Delta ya Rufiji, kama kwingineko nchini, binti anaposhika mimba kabla ya ndoa wazee hukimbilia moja ya mambo mawili. Ama kijana hukamatwa na kuozeshwa usiku huohuo, ndoa ya mkeka, ama hutoroshwa Dar es Salaam na binti hupelekwa kwa shangazi yake mpaka ajifungue. Aibu imefunikwa, lakini nani amewafundisha vijana hao kuwa wazazi?

Zinaa ni haramu, na hilo halina mjadala. Hata hivyo, Suratul Israa, aya ya 15, inakataza mtu kubebeshwa dhambi ya mwingine, na mtoto aliye tumboni hana dhambi. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, mwanamke wa kabila la Juhayna alikiri zinaa mbele ya Mtume (S.A.W.) hali ni mjamzito. Mtume alimwita walii wake, akamwagiza amtendee wema mpaka ajifungue. Ikiwa hukumu yenyewe ilisubiri mimba, sisi tunapata wapi ruhusa ya kumfukuza binti nyumbani?

Tuelewane hapa. Binti akiwa mwanafunzi au hajatimiza miaka 18, msikiti usitumike kuficha jinai. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Naye binti, tangu Serikali ilipotoa ruhusa Novemba 2021, anaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mzazi asimnyime haki hiyo.

Ama vijana watu wazima, wapo wanaojificha nyuma ya fiqhi. Husema kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii mtoto huyo nasaba yake ni ya mama, basi wao hawahusiki. Hayo ni masuala ya nasaba na mirathi, si cheti cha kukimbia. Toba ya kweli ni pamoja na kurekebisha ulichoharibu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru baba atoe matunzo. Wakitaka kuoana kwa hiari, kwa walii na mashahidi, wafundishwe kwanza maana ya ndoa. Wasipooana, bado wafundishwe kusemezana kwa heshima, kwani mtoto ni wao wote wawili.

Kungwi na somo tunao tangu kale, lakini binti hufundwa peke yake. Kijana naye aketishwe na wazee wenye hekima. Ajue dalili za hatari kwa mjamzito: kutokwa na damu, kuumwa sana kichwa, kuvimba uso, mtoto kuacha kucheza tumboni. Delta haina barabara kila mahali. Chombo husubiri maji. Kijana anayeijua saa ya maji kujaa kwa ajili ya kuvua, aijue pia kwa ajili ya kumfikisha mzazi hospitali, na nauli aiweke mapema. Ajue kwamba mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee miezi sita, na kwamba anayenyonyesha anahitaji chakula, si masimango.

Watauliza wengine: je, mafunzo haya hayatahalalisha zinaa? La. Anayemwokoa aliyezama hakumsifu kwa kuingia majini asikokujua. Maimamu watenge siku, wamwalike muuguzi wa zahanati na makungwi, na wazazi wa pande zote mbili wahudhurie.

Allah avihifadhi vizazi vyetu, awape vijana wetu toba ya kweli, na atujaalie tuwe wenye kusitiri na kulea. Amin.