Mama Anapoalikwa Safari ya Gari-Nyumba



Wiki mbili zilizopita alitujia nyumbani mama mmoja wa Kibokoni, mjane wa rafiki yetu wa tangu chuoni, simu mkononi, akatuomba tumsomee kwa sauti ujumbe wa mwanawe ili ausikie tena kwa kinywa cha mtu mwingine. Mwanawe huyo ameishi Leicester, Uingereza, kwa miaka mingi, naye ana mke na watoto wawili. Ujumbe ulisema kwamba katika likizo ijayo ameazimia kukodi gari-nyumba, yaani lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, awachukue watu wake pamoja na mamake, wavuke bahari hadi Ufaransa, washuke kwa barabara mpaka Uhispania, wakaione Córdoba na Granada. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusafiri kwa gari la namna hiyo. Mama alikuwa na maswali mawili. La kwanza, je, safari hii yawezekana kwa mtu mwenye magoti kama yake? La pili, je, ataweza kusali rakaa mbili katika msikiti wa Córdoba?

Kwa kuwa nyumba nyingi za hapa petu zina mtoto aliye ng'ambo, na mialiko ya namna hii imekuwa ikija kila mwaka, tumeona tuyajibu mbele ya wasomaji wetu wote, kwa idhini yake.

Kabla ya magoti, tuanze na pasipoti. Viza ya Uingereza haimfikishi mtu Ufaransa. Nchi 29 za Ulaya zimeungana katika mpango wa Schengen, nazo hutoa viza yao moja, na mwenye pasipoti ya Kenya hawezi kuingia bila hiyo. Mwana na wanawe, wakiwa na pasipoti za Uingereza, huingia bila viza na kukaa hadi siku 90 katika kila siku 180. Na ndiyo maana vijana wetu wa ng'ambo husahau kabisa kwamba kwa mama zao mambo si hayo. Mama huomba viza hiyo katika nchi anayoishi, na kwa ubalozi wa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, ambayo kwa safari hii ni Uhispania. Kwa hivyo maombi hufanywa hapa Kenya kabla hajapanda ndege, si baada ya kufika Leicester na kunywa chai. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na lazima awe na bima ya safari inayofikia yuro 30,000 kwa matibabu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Tena pasipoti ni moja, haiwezi kulala katika balozi mbili usiku mmoja. Kwanza apate ya Uingereza, kisha ndipo aende kwa Wahispania. Na kwa kuwa atalala garini, akiulizwa atakaa wapi awe na karatasi za kuonyesha: mkataba wa kukodi gari, na nafasi zilizolipiwa katika viwanja vya kuegesha usiku. Tunamjua mzee mmoja ambaye wanawe walimnunulia tiketi mwanzo, viza wakaiacha nyuma. Alibaki Leicester na jirani, wao wakenda.

Ama kuhusu majira, mwana amesema Agosti, kwa kuwa shule zimefungwa. Sisi tunasema hapana. Córdoba katika Julai na Agosti hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na kiyoyozi cha mbele ya gari-nyumba hufanya kazi injini ikiwa inanguruma tu. Gari likisimama, mtu hukaa ndani ya bati. Mama ana shinikizo la damu. Likizo ya Pasaka ya shule za kule hupata kama wiki mbili, na hali ya hewa huwa ya rehema. Ila wajihadhari na ile wiki inayotangulia Pasaka yenyewe, kwani Wahispania hufanya misafara mikubwa ya kidini, na njia za miji hiyo miwili hujaa watu hadi usiku wa manane.

Kisha njia. Kutoka Calais, pale meli ya Dover inapofikia, hadi Granada ni kama kilomita 2,000, kwenda tu. Mwana ametaja pia Paris, Nice na Barcelona, yote kwa siku 14. Huo si utalii, ni udereva wa lori. Iko meli itokayo Portsmouth hadi Santander, kaskazini ya Uhispania, ambayo hukaa baharini zaidi ya siku moja. Gharama yake ni kubwa, lakini huondoa Ufaransa yote katika hesabu, na kutoka Santander hadi Córdoba hubaki kilomita 800 hivi, zinazokatwa kwa siku tatu bila haraka. Wala si aibu Mama akapanda ndege hadi Málaga, wenziwe wakamkuta huko. Tulimweleza hilo akatutazama, akasema, "Sheikh, mimi nataka kuiona njia." Basi iwe meli.

Gari lenyewe lina mambo machache ambayo mwana asiyaulize kwa haya. Leseni ya Uingereza ya mtu aliyefaulu mtihani baada ya mwanzo wa 1997 humruhusu gari lisilopita kilo 3,500, na katika uzito huo huhesabiwa watu, maji, gesi, nguo na hata lile sufuria kubwa la pilau. Lita 100 za maji ni kilo 100. Pili, idadi ya vitanda si idadi ya mikanda. Gari huweza kulaza watu sita na likawa na viti vinne tu vyenye mikanda ya kusafiria, nao ni watano. Tatu, kimo cha gari kiandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya dereva, maana madaraja na maegesho ya chini ya majumba hayamsamehe aliyezoea gari dogo. Wakiamua kupita Ufaransa, wajue kwamba gari la kimo cha mita tatu na kuendelea hulipa zaidi kwenye barabara za malipo. Kule huendeshwa upande wa kulia, kinyume na Leicester na kinyume na Mombasa. Watie garini pembe ya tahadhari na vizibao vinavyong'aa, tena vizibao viwe karibu na mkono, si chini ya mizigo.

Na magoti? Mlango wa gari-nyumba una kidaraja, na mara nyingi ni cha juu. Mama asipewe kitanda kilicho juu ya dereva, ambacho hupandwa kwa ngazi kama mnazi. Apewe cha chini kilicho karibu na choo. Kabla ya kulipa arubuni, mkaza mwana aende akapande na kushuka mara tatu huku amebeba mtoto, ndipo atakapojua mamamkwe atapandaje.

Hapa twataka kukaa kidogo. Mwana ameandika mengi kuhusu injini na njia, wala hakuandika neno kuhusu nani atapika. Mwaka juzi, tulipokuwa Uingereza kwa mualiko wa darsa, tulilala usiku mmoja ndani ya gari kama hilo pamoja na watu wa nyumba moja. Meza ya chakula ndiyo iliyogeuzwa kitanda cha mama wa nyumba. Kwa hivyo hakulala mpaka watu wote walipomaliza kula na kuzungumza, na akawa wa kwanza kuamka ili kitanda kirudi kuwa meza. Alipika kwenye mafiga mawili, akiwa amesimama mahali pa upana wa mkeka wa kusalia, na kila aliyepita alimwambia ajibane. Alfajiri maji yakawa yamekwisha, kwani vijana wawili walioga usiku kana kwamba wako Nyali. Mumewe alituambia kwamba likizo ile ilikuwa nzuri kupita zote. Yeye mama hakusema kitu.

Kwa sababu hiyo tumempigia simu mwana, tukamwambia mambo matatu yasiyo na gharama. Walale usiku mbili garini karibu na kwao kabla ya kuvuka bahari, ili kinachokosekana kijulikane pale ambapo duka liko mlangoni. Wagawane kazi kwa majina: siku moja baba ndiye apikaye, na siku ya tatu hakuna apikaye, hula mkahawani. Na lile sanduku la choo, ambalo hutolewa na kumwagwa mahali palipotengwa tu, si kando ya njia, ni kazi ya mwenye wazo la safari. Alicheka, mkewe alicheka zaidi.

Binti yao ana miaka 13. Gari la mita saba halina chumba. Washone mapazia mazito ya kugawa sehemu za kulala, na iwekwe saa ya wanawake kubadili nguo, wanaume wakiwa nje wakitazama matairi. Viwanja vingi vya kuegesha vina mabafu ya kutosha, na maji ya tangi yaachiwe udhu na vyombo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo haifiki lita moja. Kopo la kutilia maji chooni wasilisahau, maana halikodishwi pamoja na gari.

Chakula nacho kina mtego. Mkaza mwana alikuwa amepanga kujaza friji sambusa za nyama na kuku wa halali kutoka Leicester. Sheria ya Umoja wa Ulaya haimruhusu msafiri atokaye Uingereza kuingia na nyama wala maziwa, na sambusa zitaishia kwenye pipa la bandarini. Wachukue mchele, pojo, viungo, tende na tui la mkebe. Nyama ya halali hupatikana katika miji ya Uhispania yenye jamaa wa Kimorocco, na samaki wa kule ni wengi na wazuri. Watoto wafunzwe maneno mawili ya Kihispania kabla ya kuondoka: cerdo ni nguruwe, na manteca aghalabu ni mafuta yake, ambayo huingia hata katika biskuti. Mitungi ya gesi nayo hutofautiana vichwa nchi kwa nchi, hivyo waondoke na iliyojaa.

Ibada yao ni nyepesi, alhamdulillah. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msafiri wa masafa hayo hupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha, na hukusanya. Lakini akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, hutimiza. Mama, ambaye maisha yake yote Mombasa ameelekea kaskazini, Granada ataelekea mashariki, kusini kidogo. Dira isomwe nje, hatua kadhaa kutoka garini, kwa maana chuma cha gari huipoteza sindano.

Limebaki swali la pili, nalo ndilo zito. Jengo la Córdoba lilianzishwa na Abdurrahman wa Kwanza mwishoni mwa karne ya 8. Mji ulipotwaliwa mwaka wa 1236 liligeuzwa kanisa, na katika karne ya 16 wakajenga kanisa jingine katikati ya nguzo zake. Hadi leo ni mali ya kanisa, na misa husaliwa humo. Mwislamu huingia kwa tiketi kama mtalii yeyote, lakini akirukuu, walinzi humzuia. Tulimwambia Mama hivyo waziwazi. Afadhali aumie hapa Kibokoni, sebuleni kwetu, kuliko kushikwa mkono na mlinzi mbele ya wajukuu. Alinyamaza muda mrefu. Tukamwambia pia kwamba Granada, katika mtaa wa zamani wa Albaicín, uko msikiti uliofunguliwa mwaka wa 2003, wenye bustani inayotazamana na Alhambra ng'ambo ya bonde. Vichochoro vyake havipitishi gari-nyumba. Wataliacha nje ya mji na kupanda kwa basi dogo. Humo atasali hizo rakaa mbili, na zaidi akipenda. Tiketi za Alhambra zinunuliwe mapema, kwa nambari ya pasipoti, na saa iliyoandikwa ya kuingia majumba ya wafalme haingoji mtu.

Mama aliuliza kama Córdoba ataruhusiwa walau kuingia na tasbihi yake mkononi. Tulimjibu kwamba dhikri ya moyoni haina mlinzi. Akaitia mkobani papo hapo, pamoja na risiti za benki za miezi sita, kwa kuwa karatasi za viza ya Uingereza ameanza kuzikusanya Jumatatu hii.