Ridhaa ya Temu, Deni Letu

Hivi majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili huko Kisii. Niliwauliza: ni Mkenya yupi aliyekuwa wa kwanza kunyakua dhahabu ya Olimpiki? Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Kipchoge Keino!" Mwalimu wao naye akaafiki.

Jibu hilo lilinichoma moyo, kwa kuwa mwenye sifa hiyo ni mwana wa Nyamira, jirani yao. Tarehe 13 Oktoba 1968, mjini Mexico City, Naftali Temu, askari wa Jeshi la Kenya, alishinda mbio za mita 10,000. Keino alikuwemo katika mbio hizo hizo, ila maradhi ya nyongo yalimlemea asimalize. Temu alipambana na Mamo Wolde wa Ethiopia hadi mzunguko wa mwisho, akampita wakiwa karibu na utepe. Alitumia dakika 29 na sekunde 27.4, Wolde alichelewa kwa sekunde 0.6 tu. Dhahabu ya Keino ya mita 1,500 ilikuja juma moja baadaye, na kabla yake Temu alikuwa amekwisha kuongeza shaba ya mita 5,000.

Temu hakuzuka kama uyoga. Nyantika Maiyoro, Mgusii mwenzake, alikuwa wa saba katika mita 5,000 huko Melbourne mwaka 1956, na wa sita huko Rome mwaka 1960. Temu mwenyewe alimbwaga Ron Clarke wa Australia katika maili sita huko Kingston, Jamaika, mwaka 1966. Kisha mwaka 1972 huko Munich, Charles Asati, Hezahkiah Nyamau na Robert Ouko, wote wa Gusii, wakishirikiana na Julius Sang, walitwaa dhahabu ya mita 400 kupokezana vijiti.

Mimi ni mtu wa isimu, basi nitayatazama maneno. Kiswahili humwita mwanamichezo asiyelipwa mchezaji wa ridhaa, yaani atendaye kwa hiari ya moyo. Temu alikimbia zama ambazo kanuni za Olimpiki zilikataza ujira. Neno la pili ni kustaafu, lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya kuomba kuachiliwa. Kwetu limeandamana na kiinua mgongo. Mwalimu akistaafu hukidai. Je, mkimbiaji wa ridhaa, miguu ikichoka, amdai nani?

Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Shirikisho la Riadha Duniani lilimlipa kila mshindi wa dhahabu dola 50,000. Ni haki yao. Temu alifariki tarehe 10 Machi 2003, na fedha hazimfai tena. Lakini wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na tuzo iliyosalia ni kukumbukwa.

Walimu wenzangu, tuzo hiyo imo mikononi mwetu. Nanyi wanafunzi, wazee waliokimbia zamani bado wamo vijijini mwenu. Chukueni madaftari, mkawasikilize kwa Ekegusii, mkayaandike kwa Kiswahili. Tukiwasahau walio hai kama tulivyomsahau Temu, hatutakuwa na udhuru wa kutojua.