*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: WAZAZI HAWA TUWAPE UFUNGUO WA OFISI*



Kikao cha tawi cha Jumapili kitajadili ombi la wazazi saba wa mtaa wetu, akina mama sita na baba mmoja, wenye watoto wenye ulemavu. Wanaomba kukutana ofisini kwetu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wengi mmenipigia kuuliza msimamo wangu. Msimamo wangu ni tuwape, tena bila sharti la kadi ya chama.

Nimeisikia hoja kwamba ofisi ni ya wanachama na inaendeshwa kwa ada za wanachama. Ni kweli. Lakini Jumamosi ofisi hiyo inakaliwa na viti vya plastiki na buibui. Kwenye daftari langu hakuna gharama itakayoongezeka zaidi ya umeme wa taa moja.

Sasa tazameni hesabu ya upande wao. Mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo asiyeweza kukaa hapati daladala kirahisi, makonda wanamkwepa. Bajaji kwenda kliniki na kurudi ni 12,000. Mara mbili kwa mwezi, 24,000. Wakikodi wawili, kila mmoja anabakiwa na 12,000. Ila kwanza wafahamiane! Wawili kati yao wametenganishwa na nyumba sita tu, na wamejuana mwaka huu kwenye foleni ya kliniki. Kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Mtaalamu wa kliniki humweleza mzazi mara moja, kwa haraka. Mzazi mwenzake humwonyesha kwa mikono: mtoto alishwe akiwa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kidogo kidogo asipaliwe. Na yapo ambayo kliniki hawafundishi, kama kumjibu mama mkwe anayesema mtoto ni laana, au kuishi baada ya mume kuhama. Hapo hotuba zetu hazisaidii kitu.

Akina mama hao wakitaka kusajili kikundi, kuna mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Katiba ya kikundi na vitabu vya hesabu nitawasaidia, kisha waende kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Wasipotaka mkopo, wakakaa na kuzungumza tu, ni sawa pia.

Viongozi wenzangu, tusiende kupiga picha. Tunajua kiti kimoja cha magurudumu kinavyoweza kukabidhiwa na wagombea watatu.

Kikao ni saa 9 alasiri. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, tutapiga kura. Mwenye mkeka au godoro dogo asilolitumia aje nalo pia, maana baadhi ya watoto hawawezi kukaa kwenye viti vyetu.

Katibu wa Tawi