Manifodi ya eksozi haipimwi kwa macho

Wenzangu vijana, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, tuambiane ukweli. Hii dharau ya kusema "huyo ni fundi wa gereji tu, shule ilimshinda" iishe leo.

Chukua gereji za Custom, pale Juba. Injini ya gari imekufa, na ya aina ile haipatikani. Spea zinatoka Mombasa na Kampala, zinapita Nimule, na bei ukiisikia unakaa chini. Basi mwenye gari ananunua injini ya gari lingine. Kuipachika ni kazi, lakini shida inabaki kwenye eksozi: manifodi yake inagonga chesisi au shafti ya usukani. Lazima fundi aunde nyingine.

Na haiundwi kwa kubahatisha. Injini nyingi za silinda 4 huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kila silinda inatoa moshi kwa zamu yake. Mabomba manne yakilingana urefu kabla ya kuungana, moshi unaotangulia unavuta ule unaofuata. Bomba likiwa jembamba, injini inabanwa. Likiwa pana mno, moshi unapoteza kasi na gari linakosa nguvu mlimani. Flanji ukiichomelea yote kwa mkupuo inapinda, gasketi haikai. Kwa hiyo unaifunga kwanza kwa bolti, unashika nukta nukta, unapima tena, ndipo unamaliza.

Ukikosea, moshi unavuja ndani ya gari. Kaboni monoksidi haina harufu. Abiria anasinzia, haamki. Bomba likigusa paipu ya mafuta, ni moto.

Sasa niambieni, hiyo si jiometri? Si fizikia?

Ndiyo maana nawauliza watu wa mashirika: kozi ya miezi mitatu ya kubadilisha oili, halafu picha na cheti, inamsaidia nini kijana anayerudi Juba? Leteni mashine ya kuchomelea, vipimo, na vyuma vya kuharibu tukijifunza. Mwalimu wa hesabu naye aingie karakana.

Na sisi vijana tuache kusifu eksozi kwa sababu inapiga kelele. Debe tupu haliachi kuvuma. Muulize fundi amepima nini. Akiweza kukujibu, huyo ni mhandisi, hata kama hana cheti. Mlipe kama mhandisi.