Adui Anapotangazwa, Mtazame Aliyemtangaza

KANDO YA ZIWA
Na Mabula Nkwabi, Kiseke, Mwanza

Machi 29, 1979, ndege ya kivita ya Libya aina ya Tupolev ilifika juu ya Mwanza ikitafuta bohari ya mafuta. Ilikosa shabaha. Makombora yake yaliangukia Saanane, kile kisiwa unachokiona vizuri ukisimama Capri Point, yakaua wanyama kadhaa waliokuwa wakitunzwa pale na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Saanane sasa ni Hifadhi ya Taifa, na watoto wetu wa Kiseke hupelekwa huko na shule zao kutazama wanyama. Ningependa waambiwe pia habari za ile ndege, maana ndani yake kuna somo la siasa ambalo kanda hii imelilipia ghali.

Libya haikuwa na ugomvi wowote na Mwanza. Muammar Gaddafi aliituma ndege ile kumsaidia mtawala wa Uganda, Idi Amin, na vita vya Amin dhidi yetu havikuanzia mpakani. Vilianzia ndani ya kambi zake mwenyewe.

Mwaka 1978 ulimkuta Amin pabaya. Kahawa ndiyo iliyokuwa ikiiletea Uganda sehemu kubwa ya fedha za kigeni, na bei yake ilikuwa imeporomoka. Aprili ya mwaka huo makamu wake, Mustafa Adrisi, alipata ajali ya gari ambayo wengi hawakuamini kuwa ni ajali. Akapelekwa Misri kutibiwa, na huku nyuma watu wake wakaondolewa serikalini. Jeshi likaanza kupasuka. Kukawa na uasi katika vikosi vya kusini, na baadhi ya waasi wakakimbilia upande wetu. Ndipo Redio Uganda ilipoanza kutangaza kwamba Tanzania imeivamia Uganda. Hapakuwa na uvamizi. Mwishoni mwa Oktoba askari wa Amin wakavuka mpaka wa Mutukula, wakaua, wakabaka, wakaswaga ng'ombe kwa maelfu, na Novemba 1 akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa.

Wanahistoria bado wanabishana kama Amin alipanga jambo lile au aliburutwa na askari wake waliokuwa wakiwafukuza waasi. Kwangu mimi hilo halibadilishi kiini cha habari. Mtawala ambaye jeshi lake lilikuwa limeanza kutazamana kwa bunduki alihitaji mtu wa nje wa kuelekezewa bunduki hizo, na Tanzania ilikuwa karibu.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza. Agosti 1972 aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, akazigawa mali zao kwa watu wake. Mwezi uliofuata ndege zake zilipiga Bukoba na Mwanza, ingawa hapo tukiri ukweli: wapiganaji wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walikuwa wamevuka kuingia Uganda kutoka kwetu. Februari 1976 akaigeukia Kenya, akadai sehemu kubwa ya magharibi yake hadi karibu na Nairobi. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda, na Amin akalegeza sauti. Mahitaji ya tumbo la Uganda yalipita Mombasa, na hilo alilijua vizuri.

Sasa nije kwenye jambo linalonishughulisha zaidi, kwa sababu si kila adui ni wa kubuni. Mwaka 1978 Tanzania ilivamiwa kweli, na Mwalimu Nyerere aliposema Novemba ile kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, alikuwa na haki. Tazama, hata hivyo, alimtaja nani. Adui wa hotuba, wa redio na wa magazeti ya wakati ule alikuwa Nduli Amin, mtu mmoja mwenye jina. Waganda walipigana bega kwa bega na wanajeshi wetu, na Machi 1979 viongozi wao walio uhamishoni walikutana Moshi kujadili serikali ya baada ya Amin. Jeshi letu lilipoingia Kampala Aprili 11, lilipokewa kwa shangwe. Lisingepokewa hivyo kama vita vingetangazwa kuwa vya Watanzania dhidi ya Waganda.

Hata kwa tahadhari hiyo, chuki ilipenya. Februari 1979 wanajeshi wetu, waliokuwa wameyaona kwa macho yao yaliyotendwa Kagera, waliibomoa Masaka kwa kulipiza kisasi, na Mbarara nayo ikaonja. Nyerere alipopata habari hizo alisikitika sana, akaagiza raia na mali zao zisiguswe tena. Nalitaja jambo hili kwa sababu huwa hatulitaji. Ikiwa katika vita vya haki, chini ya kiongozi aliyekuwa akichagua maneno yake, hasira juu ya mtu mmoja iliweza kuwaangukia wenye maduka wa Masaka, basi fikiria kiongozi anayeitia hasira hiyo kuni kwa makusudi.

Sisi nasi tumewahi kuitia kuni. Februari 1977, mwezi uleule CCM ilipozaliwa, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Sababu za wazi zilikuwapo: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakata roho, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limesimama, na kila nchi ilikuwa ikishikilia vya wenzake vilivyokuwa karibu na mkono wake. Lakini chini ya ugomvi wa mali kulikuwa na ugomvi mwingine. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha mamilioni, chakula kilikuwa kimepungua hadi tukaagiza nje, na maduka ya Nairobi yalikuwa yamejaa. Ulinganisho huo ulikuwa unauma, na njia ya kuuzima ilikuwa kuwafundisha watu kwamba Wakenya ni manyang'au. Upande wa pili nao walikuwa na lao. Kenya ilikuwa imetoka kumzika J.M. Kariuki, mbunge aliyeuawa Machi 1975 baada ya kusema wazi kwamba nchi inageuzwa kuwa ya mamilionea wachache na mamilioni ya ombaomba. Kumcheka jirani mjamaa asiye na sabuni kulikuwa rahisi kuliko kumjibu Kariuki.

Mpaka ulifungwa hadi Novemba 1983, karibu miaka saba. Ni nani aliyeumia? Meli zilizokuwa zikilizunguka ziwa zima chini ya shirika moja ziligawanywa, na safari ya Kisumu ikafa. Waluo wa Rorya walitenganishwa na ndugu zao wa Migori. Wakuria wa Tarime wakatenganishwa na wa Kehancha. Watu wa Mara waliopita njia za panya kutafuta sabuni na mafuta ya kupikia waliitwa wafanya magendo, wakakamatwa. Hakuna waziri wa Dar es Salaam wala wa Nairobi aliyelala bila sabuni kwa ajili ya ugomvi ule.

Habari ya mwaka 2013 iko karibu zaidi, na katika mitaa hii ya Kiseke wapo wanaoijua kuliko mimi. Mei ya mwaka ule, Rais Jakaya Kikwete akiwa Addis Ababa aliishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR. Rais Paul Kagame alikasirika, wakatupiana maneno. Julai, Kikwete akiwa Biharamulo akawapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Serikali ilisema inapambana na ujambazi, silaha na uvamizi wa ardhi. Ujambazi ulikuwapo, tuliokuwa tukisafiri kwa basi kupita misitu ya Biharamulo tunakumbuka askari waliokuwa wakisindikiza magari. Lakini wimbi lile liliwakumba pia watu waliokuja na wazazi wao tangu fujo za Rwanda za 1959, na watoto na wajukuu wao waliozaliwa hapa, wenye mashamba ya migomba hapa, waliooana na Wahaya na Wahangaza hapa. Waliuza ng'ombe kwa bei ya kutupa, wakaiacha migomba yao ikiwa na ndizi, wakavuka Rusumo kwenda nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Sidai kwamba ugomvi wa marais wawili ndio uliozaa operesheni ile peke yake. Nasema kwamba ugomvi ule uliifanya iwezekane kupigiwa makofi. Ghafla ilitosha kumwambia jirani wa miaka thelathini kwamba ana pua ya Kinyarwanda.

Hata Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilipochomwa moto Namanga kwa sababu vilitoka Kenya, na ng'ombe zaidi ya 1,300 wa Wamasai wa Kenya wakapigwa mnada, wapo waliosifu kwamba tumewaonyesha. Tuliwaonyesha nini? Wafugaji wa pande mbili za mpaka ule ni ndugu, na mvua haiulizi pasi ya kusafiria.

Mwenye kudhani ni ugonjwa wa kwetu tu avuke mpaka aende Kongo. Desemba 2023, akiwa katika kampeni mjini Bukavu, Rais Félix Tshisekedi alisema Kagame ataishia kama Hitler. Rwanda imewasaidia waasi wa M23, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyo tena na tena, na Wakongo wana kila haki ya kulalamika. Lakini siku chache kabla ya kura, rais ambaye mishahara ya askari wake ilikuwa ikiliwa na makamanda wao alipata shangwe kwa kumtaja Kagame, wala hakulazimika kuzijibu habari za mishahara. Mwaka mmoja na ushei baadaye miji ya Goma na Bukavu yote ilikuwa mikononi mwa M23. Walioambulia hasira ya maneno yale ni Banyamulenge na Watutsi wa Kongo, raia wa Kongo, ambao kila redio inapowaka hujiuliza kama watoto waende shule.

Ndiyo maana mwaka 2025 moyo wangu haukutulia. Mei ya mwaka huo wanaharakati na wanasheria wa Kenya na Uganda waliokuja kusikiliza kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu walizuiwa au kurudishwa, akiwamo Martha Karua, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria wa Kenya. Boniface Mwangi na Agather Atuhaire walikamatwa, na baadaye walisema waliteswa. Rais Samia Suluhu Hassan alivitaka vyombo vya usalama visiwaruhusu wanaharakati wa nje kuja kutuvuruga. Kisha ikaja Oktoba 29: uchaguzi, maandamano, intaneti kuzimwa, watu kuuawa. Akiapishwa Dodoma Novemba 3, Rais alisema baadhi ya vijana waliokamatwa walitoka nje ya nchi.

Inawezekana. Vijana huvuka mipaka, na serikali ina wajibu wa kuwazuia wanaokuja kuvunja sheria. Lakini sababu zilizowatoa vijana barabarani zilikuwa na anwani za hapa hapa: kiongozi wa chama kikuu cha upinzani alikuwa gerezani, mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, mtu wa kanda yetu hii, alikuwa ameenguliwa, watu walikuwa wametekwa, huku ndugu zao wakizunguka vituo vya polisi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotengenezwa Nairobi. Mgeni akiwa ndiye mwenye kosa, basi wa nyumbani hana la kueleza, na hiyo ndiyo faida yake kwa anayemtaja.

Wiki hii niliwasikia watu katika soko la Mwaloni, Kirumba, wakimwambia mama mmoja mwenye lafudhi ya Kisumu kwamba nyinyi ndio mlioleta fujo. Alikuwa amekuja kununua dagaa. Soko lile linaishi kwa wateja kutoka Kongo, Rwanda, Burundi na Kenya. Wakiacha kuja, mvuvi wa Ukerewe ataanika dagaa wake amwuzie nani?

Naiomba serikali yangu ijibu hadharani: wageni waliokamatwa Oktoba ni wangapi, wa nchi gani, na wamefikishwa mahakama ipi kwa kosa gani? Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliundwa kuchunguza mambo haya, na kwa kipimo changu hilo lilikuwa swali la kwanza ililopaswa kulijibu kwa idadi na kwa mashtaka. Na wabunge wetu wa Ilemela na Nyamagana waliulize bungeni, wasisubiri kuulizwa na sisi.